Chatu Amegoma Kula? Anza na Kizimba

Chatu akigoma, wengi hukimbilia kubadilisha panya. Mimi huchukua kipimajoto kwanza. Hapa Tanga msimu wa kaskazi joto halina shida, lakini kusi ikishavuma, usiku wa Juni hadi Agosti, ndipo malalamiko huanza. Nyoka hajipatii joto mwenyewe, na akipoa hawezi kusaga chakula, basi anakataa.

Nazungumzia chatu mwenye kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuokota nyoka porini ukamfuga kimyakimya.

Hatua ya 1: Kizimba. Upande mmoja uwe nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27. Pima pale chini anapolala, si ukutani. Weka maficho kila upande. Kipande cha mtungi kinatosha, mradi kimbane kidogo. Kama kizimba ni cha kioo, funika pande tatu kwa khanga kuukuu. Umeme ukikatika usiku wa kumlisha, kizimba kitapoa, basi ahirisha.

Hatua ya 2: Mtazame macho. Yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba. Mwache.

Hatua ya 3: Wiki nzima usimshike. Maji tu.

Hatua ya 4: Panya. Unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Panya wa mtaani sahau, huenda kala sumu. Panya hai nao siwataki: nyoka asiye na njaa hutafunwa mgongo na panya huyohuyo. Tumia panya weupe wa kufugwa waliogandishwa. Yayusha kwenye friji usiku kucha, kisha mtie ndani ya mfuko, uutumbukize kwenye beseni la maji ya moto kiasi. Bonyeza tumbo: likiwa laini mpaka ndani, tayari. Mikrowevu hapana, atapasuka. Mkaushe, kichwa kibaki na joto, maana chatu ana vishimo midomoni vya kuhisi joto.

Hatua ya 5: Jioni, taa zizimwe. Mshike panya kiunoni kwa koleo refu, kichwa kikitangulia, umpitishe polepole mbele ya maficho. Ulimi ukianza kutoka harakaharaka na shingo ikajikunja, tulia hapo hapo. Ukimsogezea zaidi atajificha. Akikataa, mwache panya mlangoni mwa maficho. Asubuhi akiwa bado yupo, tupa, usimgandishe tena. Subiri wiki.

Hatua ya 6: Akimeza, usimguse saa 48, la sivyo atatapika. Nawa kwa sabuni kwa sababu ya vijidudu vya salmonela, na beseni lile lisirudi jikoni.

Mpime uzito kila wiki. Akipoteza sehemu ya kumi, au akipumua kwa mluzi na mapovu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumlazimisha kumeza ni kazi yake, si yako. Na chatu aliyepita mita mbili usimlishe peke yako. Mwenzako awe chumbani.