Kujenga blogu kwa WordPress: anzia kwenye kompyuta yako

Anayejifunza kujenga tovuti kwa WordPress aghalabu huanza kwa kulipia jina la kikoa na nafasi kwenye seva, kisha hupoteza majuma akibadilisha mandhari, yaani sura za tovuti zilizotengenezwa tayari, moja baada ya nyingine kabla hajaandika hata makala moja. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio ulio kinyume na huo: isimike programu kwanza kwenye kompyuta yako mwenyewe, ambako hakuna mgeni wa kuona makosa yako, uelewe maneno na picha zako zinahifadhiwa wapi, ndipo uhangaikie sura.

Hilo linawezekana kwa sababu ya leseni. WordPress, ambayo Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 wakiiendeleza kutoka programu ya awali iliyoitwa b2, inasambazwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Mafaili yake hupakuliwa bure kutoka WordPress.org. Usiichanganye anwani hiyo na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kibiashara inayokuwekea tovuti kwenye seva zake. Huduma hiyo hukupunguzia kazi, lakini kazi inayokupunguzia ndiyo hasa unayohitaji kujifunza.

WordPress imeandikwa kwa lugha ya PHP na huweka taarifa zake katika hifadhidata ya MySQL au MariaDB, kwa hiyo kompyuta yako lazima igeuzwe kuwa seva ndogo. Programu ya XAMPP hufanya hivyo kwa kukuletea Apache (programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti), MariaDB na PHP kwa pamoja. Ukishaisimika, washa Apache na MySQL kwenye paneli yake, fungua localhost/phpmyadmin katika kivinjari (localhost ni anwani ya kompyuta yako yenyewe, na phpMyAdmin ni zana ya kusimamia hifadhidata), na uunde hifadhidata tupu. Kisha fungua faili la WordPress lililobanwa, weka folda yake ndani ya htdocs, folda ya XAMPP inayowekwa tovuti, ipe jina “blogu”, na uende localhost/blogu. Utaulizwa jina la hifadhidata uliyoiunda, jina la mtumiaji, ambalo kwa kawaida katika XAMPP ni root, na nenosiri, ambalo kwenye kompyuta ya majaribio huachwa wazi. (Kwenye seva halisi, kuliacha wazi ni sawa na kulala mlango haujafungwa.) Majibu hayo huandikwa katika faili la wp-config.php, na baada ya hapo unachagua jina la tovuti na akaunti ya msimamizi.

Kabla ya kugusa kitu kingine, fanya zoezi moja. Andika makala fupi yenye picha moja na uichapishe, kisha rudi phpMyAdmin na ufungue jedwali la wp_posts: utayakuta maneno yako humo, lakini picha yenyewe hutaiona. Picha imo katika folda ya wp-content/uploads, ndani ya folda ya mwaka na ya mwezi, tena imekatwa katika ukubwa mbalimbali. Kilichomo kwenye makala ni anwani yake tu. Maoni ya wasomaji, menyu na mipangilio vimo katika hifadhidata, ilhali mandhari na programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuiongezea WordPress uwezo, ni mafaili ndani ya wp-content. Mimi niliielewa tofauti hii kwa hasara. Kwa miezi mingi nilitunza nakala ya hifadhidata pekee nikiamini nimetunza kila kitu, na siku seva ilipoharibika nilizirejesha makala zangu zote zikiwa na visanduku vitupu mahali pa picha.

Baada ya hapo, futa makala ya mfano iliyokuja na programu, na upange muundo. Makala huwekewa tarehe na makundi, nayo hupangwa mpya juu ya zile za zamani. Kurasa ni za mambo yasiyopitwa na tarehe, kama vile maelezo kuhusu mwandishi na namna ya kuwasiliana naye. Makundi machache yanatosha. Katika mipangilio ya viungo vya kudumu, yaani anwani za makala zako, chagua muundo unaotumia jina la makala na uuamue mapema, kwa maana ukiubadilisha baada ya watu kuanza kuweka viungo vya kuja kwenye makala zako, baadhi ya viungo vya zamani vinaweza kufikia ukurasa usiokuwepo.

Kuhusu mandhari sina mengi: chukua iliyo sahili na inayosomeka kwenye simu. Ukitaka kuhariri mafaili yake, tengeneza kwanza mandhari-tanzu, yaani mandhari ya pembeni inayobeba marekebisho yako tu, la sivyo sasisho lijalo litafuta marekebisho yako. Programu-jalizi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kila moja ni msimbo unaoweza kufikia hifadhidata yako yote. Tazama ilisasishwa lini, na usiyoitumia iondoe kabisa badala ya kuizima tu.

Kuhamia kwenye seva ya kukodi ndiko kunakowakwaza wengi. Zana ya kusafirisha maandishi iliyomo ndani ya WordPress hutoa faili la XML lenye makala, kurasa na maoni, lakini picha haimo. Tovuti mpya hujaribu kuzifuata picha kwenye anwani ya zamani, na kwa kuwa anwani hiyo ni localhost, seva ya mbali haiwezi kuifikia. Wengine hufungua nakala ya hifadhidata katika kihariri cha maandishi na kubadilisha anwani zote kwa mkono, jambo linaloharibu mipangilio, kwani baadhi ya data huhifadhiwa pamoja na urefu wake, na urefu huo ukikosa kulingana na maneno mapya, WordPress hushindwa kuisoma. Tumia programu-jalizi ya kuhamisha tovuti, ambayo hubeba mafaili na hifadhidata pamoja na kurekebisha urefu huo yenyewe. Ukishafika, hakikisha anwani inaanza na https, na uangalie katika mipangilio ya usomaji kwamba hukuacha alama inayozizuia injini za utafutaji.

Usiifute ile blogu ya kwenye kompyuta. Kila mwezi pakua nakala ya hifadhidata na ya wp-content kutoka kwenye seva, zirejeshe katika folda mpya ndani ya htdocs, kisha ufungue makala tatu au nne za zamani uone kama picha zake zipo. Unapozikagua, zima intaneti, kwa sababu anwani za picha zikiwa bado zinaelekeza kwenye seva, utaziona zote na kudhani nakala yako ni nzima.