Kutengeneza umbali: mwongozo wa kulea sanaa, ndoa na nafsi kwa anayeishi Kilwa Kisiwani

Mtu anayehamia kisiwani huonywa na ndugu zake juu ya upweke. Nami nilionywa hivyo nilipoolewa nikatoka Mtwara mjini kuja Kilwa Kisiwani, lakini miaka kumi na mmoja niliyoishi hapa imenifundisha kwamba kinachochosha kisiwani ni ukaribu. Unaonana na watu wale wale kila siku, mawifi wako wako ukuta wa pili, na mume mwenye chombo cha kuvulia hushinda nyumbani siku zote ambazo upepo haumruhusu kutoka. Ukiudhika huna kituo cha basi cha kukimbilia, kwa kuwa Kilwa Masoko, ingawa iko umbali wa kilomita mbili hivi na taa zake unaziona kila usiku, iko ng'ambo ya maji. Sasa, kazi ya sanaa hutaka faragha, ndoa hutaka watu wakumbukane, na anayetaka kujiendeleza hana budi kukiona kitu ambacho hakipo mlangoni pake. Yote matatu yanahitaji umbali, na hapa umbali haupatikani mpaka ukae uutengeneze. Ninayoyaandika ni namna ya kuutengeneza, kwa kadiri nilivyojifunza.

Anza na maji

Kabla hujapanga saa ya kuandika, ya kusuka au ya kusoma, jifunze maji ya mahali ulipo, kwa sababu saa ya ukutani haitawali nyumba ya kisiwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata, huwa ni bamvu: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mpaka mwamba ukaonekana karibu na saa nne za asubuhi na za usiku. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kiasi kwamba baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka na tumo katika maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana.

Andika jambo hili kwenye karatasi na uibandike mlangoni. Siku za bamvu wanawake wengi tuko mwambani tunachokoa pweza au kuokota chaza, asubuhi nzima imekwisha, na mtu anayejilaumu kwamba hakuandika hata ubeti mmoja siku hiyo anajionea bure. Siku za maji mafu hakuna cha kutufukuza nyumbani, na hizo ndizo za kazi ya akili. Mimi nilipoteza takriban miaka miwili nikijaribu kuandika kila siku baada ya sala ya alfajiri, kama nilivyosikia kwamba waandishi hufanya, na kila mwezi mpango huo ulivunjika siku zile zile. Nilidhani ni uvivu wangu, kumbe ulikuwa mwezi.

Juu ya kalenda ya mwezi kuna kalenda ya pepo. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, huleta joto, bahari ya kuvulika na wageni nyumbani; kusi, ambayo hukaza zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, huwafunga wanaume pwani na kuukausha mfuko. Kazi kubwa ya sanaa, kwa mfano mkeka wa harusi au utenzi mrefu, ianzishwe kusi ikiingia. Kazi ndogo ndogo ndizo za kaskazi.

Chagua sanaa inayokubali kukatizwa

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua kazi mbili, moja ya mikono na moja ya maneno, na kuziacha zilishane. Ya mikono, hapa kwetu, ni ukili, yaani utepe wa kushonea mikeka. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, huchanwa kwa upana unaolingana, na yale yanayotakiwa rangi huchemshwa katika sufuria pamoja na rangi ya unga inayouzwa madukani. Kabla ya kusuka, miyaa, yaani vipande hivyo vilivyochanwa, hulowekwa kidogo ili isikatike. Unasuka utepe mrefu, unaukunja kama gurudumu, na ukishatosha unashona kingo kwa kingo mpaka mkeka utimie. Anza na ukili mwembamba usio na nakshi, usuke pima kumi, na usiushone. Uning'inize mahali utakapouona kila siku, maana kosa la pima ya pili huonekana vizuri ukiwa pima ya tisa. Mkwe wangu, ambaye amesuka tangu utotoni, hakunisahihisha hata mara moja katika mwezi wa kwanza. Aliniambia tu, "Mwanangu, suka, ukili wenyewe utakwambia." Nilikasirika wakati ule, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Uzuri wa ukili ni kwamba unaweza kuuweka chini mtoto akilia na kuuchukua tena pale pale ulipoishia. Tena macho na masikio yanabaki huru, na hapo ndipo kazi ya maneno inapoingia. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, lina mwendo unaokaribiana na mwendo wa vidole. Wengi wetu hutunga tukisuka, tunarudia mstari mpaka ukakaa, kisha ndipo tunaunakili daftarini jioni. Daftari liwe na sehemu mbili, ya mbele kwa beti na ya nyuma kwa maneno. Kila juma nenda kwa mzee mmoja, ukapate angalau maneno matatu ya chombo, ya samaki au ya upepo ambayo hukuyajua, na uandike yalivyotamkwa. Hiyo ni safari isiyo na nauli.

Anayetafuta mfano hana haja ya kuvuka. Katika magofu yetu, ambayo pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali kuelekea bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Nenda peke yako, ukae pale saa nzima bila simu. Na ukibahatika kuonyeshwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, tazama maandishi yake kwa jicho la mshairi: upande mmoja umebeba jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zimetiwa vina vinavyolingana. Watu waliotia vina hata kwenye pesa ya kununulia samaki hawangetushangaa sisi kutunga tukisuka.

Ndoa ya watu wasioweza kukimbiana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Masimulizi ya mwanzo wa Kilwa yenyewe ni masimulizi ya ndoa na maji. Inasemwa kwamba mgeni kutoka Shiraz, huko Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo, akamwoa binti wa mwenye mji, na baada ya mkwe wake kuhamia bara, mkondo ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yakikupwa haukuvukika tena. Simshauri mtu amfanyie mkwewe hivyo. Lakini hadithi hiyo hunikumbusha kwamba hata waliotutangulia waliona kuwa jamaa wa karibu wanahitaji maji kidogo kati yao.

Jambo la kwanza ni mahali. Hata nyumba ya vyumba viwili inaweza kugawanywa, ukumbi na ua ukawa wa mmoja, baraza na upande wa pwani ukawa wa mwingine, kwa saa zinazojulikana. Katika nyumba yetu, mkeka wangu wa kazi ukitandikwa uani hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi, na mume wangu akiwa anachonga vidau vyake vya kuwauzia wageni nami simtumi dukani. Makubaliano haya yasemwe waziwazi, tena mbele ya watoto na mawifi, kwa maana jirani akikuona umekaa na kalamu atadhani huna kazi na atakuletea mazungumzo.

La pili ni safari ya peke yako. Kila mmoja, mke kwa mume, avuke kwenda Masoko walau mara moja kwa mwezi bila mwenzake, akiwa na nauli iliyotengwa na haja ambayo si lazima iwe kubwa. Kuna wanaume watakaoona vibaya mke kuvuka peke yake. Basi mwanzoni aende na wifi au mtoto, na arudi kwa chombo alichosema atarudi nacho. Kuaminiana hujengwa na chombo cha jioni kuliko maneno. Na anayerudi arudi na habari: alichokiona, aliyekutana naye, bei ya unga. Watu wanaokaa pamoja mchana kutwa huishiwa na la kuambiana, na wakishaishiwa hugeukia makosa ya kila mmoja.

La tatu ni ugomvi. Tumejiwekea sharti la kutoanzisha lawama usiku wa kuamkia safari ya baharini, kwa sababu mtu aliye chomboni akiwa na hasira hatazami mawingu. Lawama hungoja, na mara nyingi ikishangojea siku mbili hupungua uzito. Ikiwa haikupungua, izungumzwe mbali na kuta. Sisi hutembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mahali ambapo upepo huchukua sauti. Isipelekwe barazani hata kwa mzaha, kwani habari iliyotoka nyumbani asubuhi huwa imeshavuka Masoko kabla ya adhuhuri. Kama linahitaji mtu wa tatu, somo wa mke, yaani mwanamke aliyemfunda, na mzee mmoja wa upande wa mume wanatosha.

Pesa ndiyo mzizi wa ugomvi mwingi wa kusi, na dawa yake hutiwa wakati wa kaskazi. Pesa ya samaki ikiingia, fungu la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, litoke kwanza, kisha fungu la chakula kisichooza, kisha ndipo matumizi mengine. Mei mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga upande huu wa pwani, bahari haikwendeka na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika katika wilaya yetu ya Kilwa. Nyumba yenye unga, mafuta ya taa na maji ya akiba ilikaa kwa utulivu, na nyumba isiyo navyo ilikuwa na maneno. Pesa ya ukili wangu ni yangu, ya vidau vyake ni yake, na ya samaki ni ya nyumba. Mgawanyo huo hauwezi kufaa kila nyumba, lakini uwepo mgawanyo.

La mwisho ni kusikilizana kazi. Mume wangu ni mhakiki mbovu. Kila shairi nimsomealo husema ni zuri, akaendelea kula. Nilivunjika moyo mpaka nilipogundua kwamba hukikariri kibwagizo akiwa chomboni na wenzake. Tangu hapo kipimo changu ni hicho: kibwagizo kilichodakwa na mabaharia hubaki, ambacho hakikudakwa nakifuta. Mwulize mwenzako swali analoweza kulijibu kwa kazi yake mwenyewe, usimwombe hukumu ambayo hana ujuzi nayo.

Kujiendeleza ng'ambo ya maji

Aliyeacha shule mapema, kama mimi niliyeishia darasa la saba, anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na akifaulu akajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975, huwasaidia wanaosoma kwa njia hiyo, na kwa wenye sifa za kuendelea, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina vituo Lindi na Mtwara. Kwa anayependa kuongoza wageni magofuni, juma moja la Kiingereza cha kuelezea jengo moja tu, kwa mfano Msikiti Mkuu, lina faida kuliko mwaka wa kusoma sarufi bila kuzungumza na mtu. Mweleze mgeni pia kwamba Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, aliufikia mji huu mwaka 1331. Wageni wengi hupenda kujua kwamba hawakuwa wa kwanza.

Panga kusoma kwa maji mafu, kama nilivyosema, na uchaji simu mchana kwa sola ili usiku usibaki gizani katikati ya sura. Siku ya mtihani usiivukie asubuhi ile ile, hasa mtihani ukiangukia miezi ya kusi. Vuka jana yake, ulale kwa jamaa. Vitabu na daftari visisafiri mkobani. Daftari langu la kwanza, lenye beti za miaka mitatu, liliingia maji ya mawimbi katikati ya mkondo na wino ukatoka wote. Tangu siku hiyo karatasi zangu huvuka ndani ya ndoo ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana, nayo ndoo huikalia mwenyewe mpaka tutie nanga.