Sarafu inayotrendi: jinsi ya kujua kama ni adimu kweli au ni kelele tu

Kila anayeanza kukusanya sarafu anauliza saivi zinatafutwa zipi, watu wanamjibu, na baada ya miaka michache lile jibu halina kazi tena maana ladha imeshahama. Uliza kitu kingine: hii inatafutwa kwa nini? Zipo ambazo bei iko juu kwa sababu zimebaki chache, na zipo ambazo bei iko juu kwa sababu watu wamepagawa tu, alafu kwa macho zote zinafanana. Kuzitenganisha hizo mbili kabla hujatoa hela ndo shughuli yenyewe, na mimi huwa naenda hivi.

Anza na idadi, ila idadi sahihi. Wengi wanaangalia zilitengenezwa ngapi wanaishia hapo hapo. Chukua senti 5 ya Marekani yenye sura ya rais Jefferson, ya 1950 yenye herufi D ya kiwanda cha Denver, zilitoka 2,630,030 tu, chache kuliko zote za kuingia mtaani kwenye aina hiyo, na watu walilijua hilo mapema mno wakazibeba kwa rola nzima nzima wakafungia kabatini. Mwanzoni mwa miaka ya 60 bei ikapaa, kufika katikati ya miaka hiyo hiyo ikaporomoka, kumbe kila mtu anazo na nyingi ni mpya kabisa hazijawahi kununua hata peremende. Sasa iweke pembeni ya dola 20 ya dhahabu ya Marekani ya 1933: hizo zilitengenezwa 445,500, karibu zote zikayeyushwa, na ni moja tu ambayo mtu binafsi ameruhusiwa kisheria kuimiliki, iliuzwa mnadani 2021 kwa karibu dola milioni 18.9. Kwa hiyo tafuta zimebaki ngapi, na ziko katika hali gani. Kampuni za kupima sarafu kama PCGS na NGC zinaweka onlaini orodha ya zilizopita mikononi mwao, itumie lakini kwa akili: sarafu moja inaweza kutolewa kwenye kasha la plastiki walilolifungia ikarudishwa kupimwa upya ikahesabiwa mara mbili, na sarafu ya bei chee hakuna mtu atalipia ipimwe, kwa hiyo kuonekana "zipo tatu tu duniani" kwenye hiyo orodha mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyejisumbua.

Ukimaliza idadi nenda kwenye bei, na bei ni ile iliyolipwa, sio iliyoandikwa kwenye tangazo. Mtu akitangaza sarafu ya kawaida kwa mamilioni hilo ni tangazo tu, hata wewe unaweza kuliandika leo usiku. Tafuta minada iliyopita ya sarafu ile ile, gredi ile ile (yaani namba ya hali yake), chukua mauzo kadhaa ya miaka tofauti uone mstari unaelekea wapi, na uangalie kama bei imeshaunganishwa na kamisheni ya mnada au bado. Kama ni ya fedha au dhahabu piga kwanza hesabu ya madini. Dola ya Morgan, sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani, ina gramu 26.73, asilimia 90 ni fedha, zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, kinachobaki juu ya hapo ndo bei ya ukusanyaji. Bila hesabu hiyo utasema "Morgan zimerudi kwenye fasheni" kumbe fedha imepanda tu.

Gredi ndo pameliza wengi. Ile skeli ya kupimia hali ya sarafu, 1 mpaka 70, ilitoka kwa mkusanyaji wa Marekani William Sheldon mwaka 1949 na aliitengeneza kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani, basi. PCGS walipoanza 1986 na NGC 1987 sarafu zikaanza kufungwa kwenye kasha la plastiki na namba juu yake, na watu wakaanza kununua namba. Wawekezaji wakaingia, bei zikapanda kwa fujo, 1989 zikafika kileleni zikashuka. Baadaye zikaja zile orodha za mtandaoni ambapo wakusanyaji wanashindana nani ana seti yenye gredi kubwa, na mbio zikaanza upya. Msimamo wangu: sarafu ya kisasa iliyotengenezwa maalumu kwa wakusanyaji ikiwa na 70, usiilipie mara kadhaa ya ile ya 69, kwa macho hutaona tofauti na kiwanda kinazitoa kwa maelfu. Funika lebo kwa kidole, angalia sarafu yenyewe, jiulize ungeipenda kama isingekuwa na namba. Soko lenyewe limeshakiri kwamba namba haitoshi, ndo maana tangu 2007 kuna kampuni ya CAC ambao wanabandika kistika juu ya kasha la mtu mwingine kusema kwamba hii ndani ya gredi yake ni nzuri, na watu wanalipia hicho kistika. (Kistika juu ya lebo juu ya plastiki, tutafika mbali.)

Rangi nayo imegeuka kabisa. Zamani wengi walitaka fedha ing'ae nyeupe, wakazichovya kwenye kemikali, na sarafu nyingi nzuri zikaharibika hivo. Sasa kinachotafutwa ni uso ambao haujaguswa, na dola za Morgan zilizokaa miaka kwenye mifuko ya kitambaa zikapata rangi za upinde wa mvua zinauzwa ghali kuliko nyeupe za gredi ile ile. Bei ikipanda hivo wajanja hawakosi, wanapika rangi. Kukagua, chukua taa moja, igeuze sarafu taratibu: mng'ao lazima uzunguke ukionekana kupitia chini ya rangi, kama rangi imeuzima mng'ao au imekaa juu juu kama rangi ya kucha, achana nayo. Rangi ya asili inahama polepole, dhahabu inaingia kwenye zambarau inaingia kwenye bluu, hairuki ruki. Alafu tafuta vimikwaruzo vyembamba vinavyoelekea upande mmoja, hiyo imesuguliwa. Na yako usiisafishe. Usiisafishe kabisa, hata kama shangazi anasema dawa ya meno inafanya kazi.

Kwa sarafu za kale kitu kinachopanda ni makaratasi. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari wa Roma, ile ya kukumbushia mauaji hayo, iliuzwa zaidi ya pauni milioni 3, baadaye ikabainika historia ya umiliki wake imeghushiwa na 2023 ikarudishwa Ugiriki. Kwa hiyo kabla ya kununua sarafu ya Kirumi au Kigiriki omba picha yake kwenye katalogi ya mnada wa zamani au risiti ya miaka ya nyuma, na muuzaji akianza kuzunguka zunguka ondoka.

Za kuokota kwenye chenji ni mchezo mzuri na hauna hasara. Uingereza ile peni 50 ya Kew Gardens ya 2009 ilitengenezwa 210,000 tu, ikapita mikononi mwa watu kimya kimya mpaka idadi ilipotangazwa ndo kila mtu akaanza kupekua waleti. Ila robo dola za majimbo 50 ya Marekani, 1999 mpaka 2008, mamilioni ya watu waliziweka, na nyingi mpaka leo ni robo dola tu. Okota, usinunue. Hata senti 1 ya Marekani ambayo za kuingia mtaani ziliacha kutengenezwa Novemba 2025, mtu akikuuzia ya kawaida kwa "itakuwa adimu" mkumbushe kwamba zipo mabilioni.

Kuhusu kuchagua seti: mtindo wa kujaza albamu, kila mwaka na kila kiwanda, wengi wanauacha wanakwenda kwenye aina, yaani moja ya kila muundo, au mada kama meli na wanyama. Mimi naona aina ni bora kwa anayeanza, kwa sababu hulazimiki kulipia mwaka mgumu ambao anautaka tu yule mwenye tundu tupu kwenye albamu yake, na hao wenye albamu wakipungua ni ile miaka ya katikati, adimu kidogo na iliyochakaa kidogo, itakayoshuka kwanza. Ukinunua weka kwenye vifuko visivyo na PVC (aina ya plastiki), maana vile laini vyenye harufu ya plastiki vinayo na vinaacha utelezi wa kijani, na andika tarehe, bei na ulikoitoa, maana siku ya kuuza mnunuzi ataanzia hapo.