SOMO: Kamera kufuata uso wa mtu (someni kabla ya kuniuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mbona kijisanduku cha uso kinatokea kwenye skrini lakini picha zina ukungu?" Nshachoka. Naandika mara moja tu.

1. Swichi ya lenzi iwe AF (ijilenge yenyewe), si MF (unalenga kwa mkono). Msicheke.

2. Kwenye menyu ya fokasi, washa kutambua uso. Kama ipo na ya jicho, washa.

3. Weka AF-C, yaani fokasi imfuate mtu muda wote; Canon wanaandika SERVO. Mtu hatulii kama mlango wa Mji Mkongwe.

4. Bonyeza shata nusu, kijisanduku kikae, malizia.

5. Angalia kimekaa uso wa NANI. Hapa ndipo nilipoaibika. Harusi Wete, bibi harusi kakalishwa, shela ya lesi imemfunika, macho kayainamisha kama ada. Nyuma yake bango lenye picha yake mwenyewe, macho makavu yanatazama mbele. Kamera hutafuta umbo la uso: macho, pua, mdomo. Chini ya shela haikuona kitu, ikaenda kwenye bango. Mimi nikaona kijisanduku, roho ikatulia. Usiku nafungua kompyuta: bango unahesabu kope, bibi harusi ukungu mtupu. Picha sitini na kitu! Mama yake akaniuliza, "Mwanangu, tulikwita upige bango?"

Kwa hiyo shela ikishuka, ZIMA kutambua uso. Tumia nukta moja ya fokasi, iweke jichoni mwenyewe. Piga moja, ikuze kwenye skrini, tazama kope, ndiyo uendelee. Na msijitie ufundi wa f/1.8 (tundu la lenzi wazi sana) kila mahali: lenzi ya milimita 85, mtu yuko mita 2, kinachokaa sawa ni kina cha vidole vitatu tu. Jicho la mbele limo, sikio halimo. Wakikaa wawili, nenda f/4, tundu dogo zaidi.

MASWALI

— Yangu haina hiyo kitu.
Kamera gani?
— Ya kioo ndani (DSLR), nachungulia kitunduni.
Nyingi za kioo hazitambui uso ukichungulia. Washa skrini ya nyuma. Kitabu chake kimeeleza.

— Nimefuata zote, bado ukungu.
Namba 1?
— Aa, ilikuwa MF.
Haya.

— Fundi, magharibi pale Forodhani, jua liko nyuma ya watu, kijisanduku hakitokei kabisa. Kamera mbovu au mimi?
Si wewe wala si kamera. Uso umeshakuwa kiza, jicho na shavu havitofautiani, itatambua nini? Mgeuze kidogo jua limpige ubavuni, au mulika kwa flashi. Huna flashi? Tafuta mtu mwenye kanzu nyeupe asimame ubavuni mwako, anatazamana na jua. Ile kanzu inarudisha mwanga usoni. Jaribu kesho kisha uniletee picha, nataka kuiona.

— Na mwenye nikabu?
Macho yakiwa wazi, ninazo kamera mbili: moja hulishika jicho, ya pili haitaki. Jaribu yako kabla ya siku ya kazi. Na muombe ruhusa mwenyewe kwanza.

— Mimi ukungu wangu umo ndani ya lenzi, kama utando wa buibui.
Huo ukungu mwingine, ndugu yangu, ni kuvu. Unyevu wetu huu! Mpelekee fundi, usifungue mwenyewe. Lenzi nyengine zilizobaki ziweke kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya ndani ya maboksi ya viatu.

— Mchele haufai?
Una vumbi. Pikia pilau.