Unafungua duka la pembejeo Dodoma? Anzia hapa kabla hujajaza mzigo

Wakuu habari za majukumu. Mvua za Desemba zikikaribia kila mtu anaona hela iko kwenye mbegu na dawa, kweli ipo, ila wengi wanaanza vibaya.

1. TIN (namba ya mlipa kodi) toka TRA, jina la biashara BRELA, leseni ya biashara halmashauri. Hapa hamna shida.

2. Hapa ndo watu wanajichanganya. Leseni ya halmashauri peke yake haikuruhusu kuuza pembejeo. Kuna taasisi tatu za serikali: mbegu ni TOSCI, mbolea ni TFRA, viuatilifu (dawa za wadudu na magonjwa ya mimea) ni TPHPA, kila mmoja na kibali chake, yani kibali cha mbegu hakikupi ruhusa ya kuuza hata kichupa kimoja cha dawa.

3. Mbegu zisikae juani wala kugusa bati, joto la huku linaua uotaji. Dawa zitenge na chakula kabisa.

4. Usifungue mfuko ukapima kwa kikombe. Naongea kwa uchungu, mwaka juzi Kongwa niliuziwa mbegu ya mahindi toka kwenye kiroba, nyekundu safi kama mbegu iliyotiwa dawa, nikapanda ekari tatu zikaota moja hapa moja kule. Zilizobaki nikaziangalia vizuri, punje nyingine zina tundu la mdudu na rangi imeingia mpaka ndani ya tundu, kumbe ni mahindi ya kusaga yamepakwa rangi! Huku msimu ni mmoja, ukikosa unasubiri mwaka. Risiti sina, pakti sina, nikalalamike na nini?

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu wateja wangu hawana hela ya mfuko mzima, nisipowapimia si naua biashara?
Jibu: Agiza pakti za kilo 2, zipo. Lebo ya TOSCI inakaa kwenye pakti, mkulima anaikwangua anahakiki kwa simu yake, sasa ukishamimina kwenye ndoo atahakiki nini?

Swali: Samahani kaka, dawa ime-expire mwezi mmoja tu, siwezi kuuza kwa bei ya chini?
Jibu: Hapana dada yangu. Itenge, andika haiuzwi, wasiliana na TPHPA wakuelekeze namna ya kuiteketeza. Na usimwage korongoni, mvua ikinyesha ng'ombe wa watu wanakunywa humo humo.

Swali: Na mtu akiniuzia feki?
Jibu: Tunza risiti, pakti na punje chache, nenda kwa afisa ugani wa kata mapema, shamba likiwa bado linaonekana.