Kesi ya kufilisika Marekani: inafutwaje, na uizuie vipi

Kesi ikifutwa, mahakama inaifunga bila kukupa msamaha wa madeni. Kuizuia isifutwe, anza na ushauri wa madeni kutoka shirika lililoidhinishwa, ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi. Usiahirishe: cheti cha kozi uliyoifanya baada ya kufungua hakikuokoi, isipokuwa kwa dharura chache sana.

Fomu zote za mali, madeni, mapato na matumizi ziwasilishwe ndani ya siku 14 baada ya kufungua kesi. Zikikosekana mpaka siku ya 45, kesi inafutika yenyewe kisheria. Humo zimo hati za mshahara za siku 60 kabla ya kufungua, na hapo ndipo watu huteleza. Anayelipwa kila wiki anahitaji hati nane au tisa. Ile ya wiki aliyobadilisha kazi ndiyo husahaulika. Zipange kwa tarehe, uzihesabu moja moja.

Msimamizi aliyeteuliwa kwa kesi yako apate ritani yako ya kodi ya karibuni siku 7 kabla ya kikao cha wadai, yaani kikao anachokuuliza maswali chini ya kiapo. Siku ya kikao uwe na kitambulisho na uthibitisho wa namba ya Social Security. Usipotokea, ataomba kesi ifutwe. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani mapema, ni bure.

Kiwanja cha Kisumu au Tanga na salio la M-Pesa pia ni mali. Andika vyote. Anayeficha anahatarisha zaidi ya kesi: anaweza kunyimwa msamaha wa madeni na hata kushtakiwa kwa jinai.

Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa malipo, hupima wastani wa mapato ya miezi 6 kamili kabla ya mwezi wa kufungua. Ovataimu nyingi ikikupandisha juu ya kiwango cha kati cha mapato cha jimbo lako, huenda kusubiri mwezi mmoja au miwili kukakusaidia.

Katika Sura ya 13, ile ya kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango, malipo ya kwanza yanatakiwa ndani ya siku 30 baada ya kufungua kesi, hata kama jaji hajaidhinisha mpango. Ukipoteza kazi, omba mpango urekebishwe kabla malimbikizo hayajaanza. Ritani za miaka 4 iliyopita ziwe zimewasilishwa.

Kesi ikifutwa, wadai wanarudi. Ukifungua nyingine ndani ya mwaka, kinga ya kuwazuia wadai wasikudai hudumu siku 30 tu, hivyo ombi la kuiongeza lisikilizwe kabla hazijaisha. Zikifutwa mbili ndani ya mwaka, ya tatu haiji na kinga hadi uiombe.