Picha inachanika ukicheza gemu fulskrini? Usikimbilie kununua kadi ya grafiksi

Wakuu, hii ishu naletewa sana hapa Sinza. Mtu anakuja na sipiyu kwenye bajaji anasema kadi imekufa, mchezaji kichwa kipo huku kiwiliwili kimehamia kule, na ukimuuliza vizuri unakuta ameshapita Kariakoo kuulizia bei ya kadi nyingine. Tulia kwanza. Piga skrinishoti wakati picha inachanika, halafu ifungue uiangalie: kama kwenye skrinishoti picha ni nzima, kadi yako haina shida. Monita ya 60Hz inachora picha mara 60 kwa sekunde, juu kwenda chini, kila moja kama milisekunde 16.7, sasa kadi ikileta fremu mpya (yaani picha moja nzima) wakati monita bado ipo katikati ya ile ya zamani, juu unaona ya zamani chini unaona mpya, ndo ule mstari wa kulala. Ila kama una vidoti vya rangi rangi mpaka kwenye desktopu hiyo ni habari nyingine, huu mwongozo hautakusaidia.

1. Angalia hezi (Hz) za monita, yaani inachora mara ngapi kwa sekunde. Raiti-kliki kwenye desktopu, ingia "Display settings" kisha "Advanced display". Monita nyingi za 144Hz zinazopita mikononi mwangu zimewekwa 60 na mwenyewe hana habari. Kama 144 haionekani, cheki waya, HDMI ya zamani inaweza isifike huko, tumia DisplayPort.

2. Washa V-Sync ndani ya gemu, kwenye setingi za grafiksi. Hii inailazimisha kadi isubiri monita imalize kuchora. Gemu ikiwa haina hiyo setingi, au ukiiwasha haisaidii, ndo unaenda kwenye draiva, ile programu inayoendesha kadi. Wa kadi za NVIDIA: NVIDIA Control Panel, "Manage 3D settings", "Vertical sync", weka On. Wa AMD tafuta "Wait for Vertical Refresh". Washa sehemu moja tu, ukiwasha kila mahali ikigoma hutajua kinachogoma ni kipi.

3. Hapa ndo wengi wanaikasirikia V-Sync. Kama mashine yako haifikishi fremu 60 kwa sekunde, gemu nyingine zinashuka moja kwa moja mpaka 30, maana fremu iliyochelewa kidogo tu inabidi isubiri mzunguko unaofuata, unaona gemu imekuwa nzito ghafla unadhani umeharibu kitu. Punguza vivuli kwanza, vivuli vinakula kadi kuliko watu wanavyofikiria, halafu ndo ushushe rezolusheni. Wa NVIDIA wana "Adaptive" pia, inajizima fremu zikishuka na kujiwasha zikipanda, kwa hiyo mchaniko utauona mara moja moja lakini gemu haikwami.

4. Kwa wanaocheza gemu za kupigana risasi onlaini: mi sikushauri V-Sync yenyewe tupu, maana inachelewesha mausi na wewe tayari una pingi (ucheleweshaji wa intaneti) ya kutosha kukuumiza. Badili kutoka fulskrini kwenda bodalesi ("borderless", dirisha lisilo na kingo linalojaza skrini), Windows 10 na 11 zinapanga picha zenyewe kabla ya kuipa monita, mara nyingi mchaniko unaisha hapo hapo japo na yenyewe ina kauchelewaji kadogo.

5. Njia ninayoipenda kuliko zote ni FreeSync (ya AMD) au G-Sync (ya NVIDIA), kwa sababu hapo monita ndo inaifuata kadi. Washa kwanza kwenye menyu ya monita yenyewe kwa vile vitufe vyake, halafu kwenye draiva, hicho cha kwanza watu wanakisahau kila siku. Na huhitaji monita ya bei mbaya, tangu Januari 2019 NVIDIA waliruhusu monita za FreeSync zifanye kazi na kadi zao kuanzia GTX za familia ya 10, ila tumia DisplayPort. Kisha funga fremu chini kidogo ya hezi za monita, mfano 141 kwa monita ya 144, kwenye "Max Frame Rate" ya NVIDIA Control Panel. Ukiacha zipande juu ya hezi, mchaniko unarudi.

Ukimaliza, ingia kwenye gemu, simama karibu na nguzo au kona ya ukuta, zungusha kamera kushoto kulia haraka. Nguzo ikibaki imenyooka umemaliza, cheza. Wa Linux wenye NVIDIA mnaotumia X11 (siyo Wayland), fungua nvidia-settings uwashe "Force Full Composition Pipeline", kwa wengi inatosha.